Gumegume Lisilo na Jina

Ndimu ikikutana na shaba nyeusi hutoa harufu ambayo sijaisikia popote pengine. Ukali kidogo, chumvi kidogo, kama mtu aliyeweka ufunguo mdomoni akausahau. Mimi naishi na harufu hiyo. Meza yangu ya kazi ipo chumba cha mbele, mtaani Malindi, na juu yake haikosi kitu cha zamani cha mtu: sinia, mrashi, kufuli la mlango wa nakshi. Sikufundishwa na mtu kazi hii. Nimejifunza kwa simu, kwa vitabu vya kuazima, na kwa kuharibu vyangu kwanza. Nikimaliza kitu hukikagua, nikakiweka, nikakichukua tena kukikagua, mpaka mwenyewe akija kukifuata anakikuta bado mkononi mwangu, nikitafuta kosa. Wateja hunisifu. Wananiona hodari. Mie nnajua kuwa lile si sifa, ni kovu, na nnajua nililipata wapi. Nilikuwa na miaka minane, nimevaa gauni la Idd, mbele ya wageni.

Tulikuwa tukikaa nyumba ya ghorofa moja nyuma ya bandari, mimi, mama, Mjomba Haji na Bibi. Bibi ndiye aliyewazaa mama na Mjomba. Jina lake Mize. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ndogo, aliyesomesha wanawake wa mtaa Kurani uwani kwetu kwa miaka mingi, mpaka macho yake yalipoanza kuingia ukungu. Lugha ya Kiarabu aliijua hasa. Hakuwa kama sisi watoto wa chuo cha Kurani, tuliokuwa tukiimba maneno bila kujua tunasema nini. Yeye alisema kuwa kusoma bila kufahamu ni kama kutembeza sinia lililofunikwa: unabeba, huli.

Sebuleni, juu ya kochi, palitundikwa gumegume, yaani bunduki ndefu ya kale, ya kushindilia baruti mdomoni na kuwashwa kwa cheche za jiwe. Lilikuwa refu kuniliko. Mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa risasi iliyoyeyushwa, kazi ya marehemu babu, katika zile siku za mapinduzi ambazo wazee wa mjini huzitaja kwa kushusha sauti, ili asije mtu akasema kwetu mna silaha. Ubao wake ulikuwa umelishwa mafuta na jasho la mikono hata ukawa na rangi ya halua. Na kwenye kitako palipigiliwa kibamba cha shaba, kipana kama kiganja cha mtoto, cheusi tii kwa moshi na umri. Hakuna aliyejua chini ya weusi ule pana nini.

Mjomba Haji alijua. Au tuseme alijua anachotaka kiwepo. Kila mgeni aliyekaa chini ya gumegume lile alisomewa hadithi yake: "Hilo la Sheikh Feruzi, babu yake mama. Alikuja nalo kutoka Manga, kwa Waarabu." Mgeni akiuliza Manga sehemu gani, Mjomba alimwongezea chai.

Wakati huo Mjomba alikuwa akifanya kazi hoteli moja huko Kendwa, na alikuwa amemposa msichana jina lake Salha. Kwao Salha ni watu wa majina marefu, wanaoweza kukuhesabia babu zao mpaka chai ikapoa. Kwetu, ikija posa, hupelekwa mtu kuulizia ukoo. Kazi hiyo hupewa mwanamke mwenye masikio marefu na ulimi mfupi. Wao walimleta shangazi yake Salha, Bi Zuwena, na kwake vyote viwili vilikuwa virefu.

Nakumbuka alivyoketi, buibui lake likinuka udi, akakataa mto aliowekewa.

"Kwa baba yako tunakujua, Haji," alisema. "Watumbatu, watu wa bahari, hawana makuu. Hebu tueleze kwa mama."

"Kwa mama sisi kizazi cha Sheikh Feruzi."

"Feruzi!" Bi Zuwena alilionja jina lile kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani. "Jina zuri. Wakubwa wa zamani wakipenda kuwapa watu wao majina ya vito. Almasi. Johari. Feruzi. Hata kumwita inapendeza: Feruzi, lete maji!"

Wanawake aliofuatana nao waliinamia vikombe vyao. Mimi nilicheka kwa sauti, kwa kuwa nilidhani ni mzaha tu, na mama akanifinya paja. Sikujua kuwa "watu wao" maana yake watumwa wao, na kuwa mwanamke yule alikuwa ameshamvua Mjomba nguo katikati ya sebule yake.

Mjomba alinyanyua kidole kuelekea ukutani. "Mtumwa na bunduki wapi na wapi, Bi Zuwena?"

"Sijasema kitu mie, baba. Nimesifu jina." Alilitazama gumegume, kisha kibamba. "Lakini pale pana shaba, na shaba haikai bure. Mwiteni mjuzi alitazame, atuambie la nani. Likisema, tushaelewana. Lisiposema, Mungu atakujaalia mwengine, na Salha atapata wake."

Ndivyo ilivyokatwa. Jumamosi angekuja Bwana Haidari, mzee mwenye duka la vitu vya kale, aliyesifika kuwa akipewa kitasa atakuambia mlango wake ulitazama wapi. Angelitazama gumegume mbele ya watu wa pande zote mbili. Mjomba alifurahi kupita kiasi. Alitembea nyumba nzima akisema, "Siku ya kufunguliwa hiyo! Siku ya kufunguliwa!" Bibi alikuwa akichambua mchele. Hakunyanyua kichwa.

Ijumaa, wanaume walipokwenda msikitini na mama alipotumwa sokoni, Bibi aliniita.

"Naam, Bibi."

"Panda kochi, nishushie bunduki ile. Polepole."

Tuliibeba pamoja mpaka uwani. Alikuwa ameshatayarisha ndimu zilizokatwa, majivu kwenye kifuu na majani makavu ya msasa, yale yenye kukwaruza kama ulimi wa paka. Hivyo ndivyo tulivyong'arisha vyombo kila Idd ikikaribia, kwa hivyo sikuona ajabu. Mgeni anakuja, shaba inasuguliwa. Kwetu kumpokea mtu na shaba nyeusi ni sawa na kumpokea na miguu michafu.

Alikamua ndimu juu ya kibamba, akapaka majivu kwa kidole gumba, akafuta kwa kanga yake. Harufu ile ikapanda. Weusi ukaachia taratibu, na chini yake zikatokea herufi, nyembamba, zimechongwa na mtu mwenye mkono mtulivu.

"Macho yangu hayafiki," Bibi alisema. "Nisomee."

Ah, wenzangu! Sijui kama mnajua furaha ya mtoto mwoga anapoombwa kitu anachokiweza. Chuoni nilikuwa nikisoma mbele ya Maalim nikiogopa kukosea irabu moja. Hapa palikuwa na Bibi peke yake. Nikaanza kwa kutaja herufi kama tulivyofunzwa: mimu kisira mi, lamu... Maneno yalikuwa machache. La kwanza milku, halafu jina refu la mtu, halafu wa hamiluhu, halafu mamlukuhu, na la mwisho nililitambua mwenyewe nikaruka.

"Feruzi! Bibi, babu yako!"

"Ndiye. Soma tena, uunganishe."

Nikasoma tena, nikakosa mahali, nikarudia bila kuambiwa. Nilisoma mpaka ikateleza kama wimbo. Bibi alifumba macho akisikiliza. Mkono wake ulikuwa juu ya mtutu, kama unavyomwekea mkono mgonjwa.

"Umefahamu maana?" aliniuliza.

"Dua," nilisema. Kwangu kila kilichoandikwa kwa herufi zile kilikuwa dua.

Alizipapasa herufi kwa kidole. "Naam. Dua. Na dua ya watu haisomwi ovyo njiani. Iweke moyoni mwako."

Kisha aliingiza mkono chini ya mbuzi ya kukunia nazi, akatoa tupa. Ni ile tupa tuliyotumia kunoa meno ya mbuzi. Akaanza kusugua, kutoka kulia kwenda kushoto, hakubadilisha upande. Unga wa shaba ukamwagika mapajani mwake.

"Bibi, herufi zinatoka!"

"Uchafu huo."

"Si uchafu, Bibi, nimezisoma!"

"Kitu kikisafishwa husafishwa mpaka mwisho," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Baada ya tupa alipitisha msasa, baada ya msasa majivu, baada ya majivu ndimu. Mpaka watu wanarudi kutoka msikitini, kibamba kilikuwa kimelainika kama kioo cha mkono, na hakikuwa na kitu.

Jumamosi nilivishwa gauni la Idd. Bi Zuwena alikuja na wanawake wake na kaka yake mmoja mnene aliyesinzia mapema. Bwana Haidari alikuja na kikuza macho cha kioo mfukoni. Alipoamkiwa na mimi na watoto wa jirani aliitika "Marahaba" moja kwa wote, akataka gumegume liwekwe juu ya mkeka, karibu na dirisha.

Alilipima uzito mikononi. Aligonga mtutu kwa ukucha, akasikiliza. Aliunusa ubao. "Mtutu umetoka Ulaya," alisema. "Kule waliitengeneza mingi, ya kuuzwa huku kwetu, wala mfua chuma hakutia alama yake. Ubao ni wa hapa, fundi wa hapa. Manga sioni." Mjomba alikohoa. Mzee akaligeuza, akafika kwenye kitako. Akasita.

"Nani kasafisha?"

"Mimi," alisema Bibi. "Wageni wanakuja."

Mjomba hakuelewa mara moja. Alimtazama mzee, akamtazama mama yake, akakinyakua kitako kile akakigeuzageuza kwenye mwanga. Kisha alisema kwa sauti ambayo sijawahi kuisahau, kwa kuwa haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu anayemzungumzia mnyama: "Hayawani huyu kafuta jina."

Bibi alikuwa amekaa na mikono juu ya magoti, vidole bado vina rangi ya shaba.

"Lingekuwa na jina," Mjomba alimuuliza mzee, "lingefika bei gani?"

"Lenye jina, watu wa ng'ambo wangeligombania. Hivi lilivyo ni kuni na chuma."

"Umesikia, mama? Kuni!"

Bi Zuwena alicheka taratibu, akijipepea. "Basi, Haji. Ukoo umesafishwa kwa ndimu. Wengine husafisha samaki."

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Nilimwonea uchungu Bibi, na pia, niseme kweli, nilijua kuwa nina kitu ambacho kila mtu pale alikitaka, na nilikuwa nimekihifadhi bila kosa hata moja. "Mimi nimeisoma kabla haijafutika," nilisema. "Naijua yote."

Kila uso ulinigeukia. Bwana Haidari alitoa kikuza macho jichoni. Mjomba alipiga magoti mbele yangu, akanishika mabega. "Soma, mwanangu. Soma."

Nikavuta pumzi.

"Atasoma nini huyo?" Ilikuwa sauti ya Bibi, lakini nisingeitambua. "Huyo hajui alifu wala be. Maalim wake kila siku hunilalamikia. Mjinga hana mfano, na muongo juu yake. Juzi kasomeshwa sura fupi kuliko zote, kaikosa, kajikojolea."

Hayo hayakutokea. Hata moja halikutokea. Lakini wanawake walishaanza kucheka, na Bi Zuwena alicheka mpaka akashika kifua. "Alaa! Kumbe hata wa kusomesha watu anazaa wa kukojoa!" Sura zote nilizozijua zilinitoka kichwani kwa mpigo. Mjomba aliniachia mabega, kama mtu anayeangusha embe bovu. Nilimtazama Bibi nikimngoja acheke, aseme ni mzaha. Hakunitazama.

Nilikimbilia uwani nikasimama nyuma ya pipa la maji, na kutoka pale nilimsikia Bwana Haidari akikohoa na kusema: "Bi Zuwena, nikuambie nnachokijua. Bunduki ya asiye mtu haitiwi shaba. Aliyetiliwa kibamba hiki alikuwa anajulikana. Zaidi ya hayo, aliyesafisha kasafisha hasa. Mkono mzuri."

Hilo likatosha. Bi Zuwena hakuwa na la kushika. Mjomba na Salha walioana kabla ya Ramadhani.

Bibi hakusamehewa. Siku ya harusi ya mwanawe, wanawake walikuwa wakimwita Bi Msasa, na Mjomba ndiye aliyelileta jina lile, akalisimulia kwa vichekesho, na kwa miaka iliyofuata hakuna shughuli kwetu iliyopita bila kusimuliwa: jinsi mama yake alivyoifuta mali ya ukoo kwa ndimu za pilau. Alipomhamishia chumba cha chini, kilichokuwa ghala la mkaa, alilitundika gumegume mbele ya kitanda chake. "Kaa nalo, ulitazame," alimwambia. Bibi alikaa nalo. Alifia pale, na mimi nilikuwa nimeshakuwa msichana mkubwa nisiyezungumza naye ila kwa kulazimika. Nilimpelekea chakula. Nilimwamkia, akaitika. Siku moja alinishika kiganja akataka kusema kitu, nami nikamwambia kuwa chai itapoa.

Neno lilinijia miaka mingi baadaye, nikiwa na sinia mkononi. Nilikuwa nimeanza kujifunza Kiarabu peke yangu, kwa kusikiliza simu huku nikisugua, kwa kuwa wateja walikuwa wakiniletea vitu vyenye maandishi nami sikutaka kuwa mtu wa kutembeza sinia lililofunikwa. Mwalimu wa kwenye simu alikuwa akieleza neno la kumilikiwa. Mamluku: mtu aliye mali ya mtu. Sinia liliniponyoka likazunguka sakafuni kwa kelele kubwa, na kabla halijatulia ule wimbo wa zamani ulikuwa umeshajifungua wenyewe, neno kwa neno, bila kukosa irabu.

Mali ya fulani, na hapo pana jina refu ambalo nalimeza. Na mwenye kuichukua ni mtumwa wake, Feruzi.

Nilikaa chini. Niliwaona wote sebuleni: Bi Zuwena na upepeo wake, Mjomba aliyepiga magoti akiniomba nisome, mzee wa vitu vya kale aliyeijua lugha ile na angefahamu kila neno, na mimi niliyekwishavuta pumzi. Pumzi moja ilibaki. Bibi hakuwa na tupa ya kufutia kilichokuwa kichwani mwangu, basi akatumia alichokuwa nacho.

Mwezi uliopita Mjomba alikuja na gumegume limefungwa kwenye shuka. Mwanawe anataka kuoa msichana wa Chwaka, na baba yake msichana analima mwani.

"Nimewauliza ukoo wao," alisema, akijifuta jasho. "Hawana hata kijiko cha kuonyesha. Nataka ulitazame hili, weye unayejua. Siku hizi kuna mitambo. Pengine jina bado limo ndani ya shaba. Nilitundike sebuleni waje walione."

Nililiweka mezani nikawasha taa, nikaulaza mwanga wake upande. Majivu na ndimu havifuti herufi zilizochongwa, hilo nalijua kwa kazi yangu. Chini ya ule ung'aavu mistari ya tupa ilikuwa bado ipo, mamia, yote kutoka kulia kwenda kushoto, yote ya kina kimoja. Sijawahi kuona kazi safi kama ile. Mwenye kusafisha ovyo huacha kitu. Yeye hakuacha hata nukta.

"Halina alama, Mjomba. Haliwezi kumwambia mtu kuwa yeye ni nani. Na huyo msichana wa Chwaka pia haliwezi kumwambia."

"Bi Msasa huyo," alisema, akacheka kicheko chake cha shughulini. "Mjinga yule katutia hasara mpaka kaburini."

Nilikuwa na maneno manne matano mdomoni ambayo yangemkalisha chini asiinuke. Siwezi kukuficheni kuwa nilitaka. Nilitaka kumwona uso. Nikaweka mkono juu ya mtutu, nikafumba macho, nikasoma. Nilisoma yote, mwanzo mpaka mwisho, kwa Kiarabu chake, kwa sauti, kama nilivyotaka kusoma siku ile nikiwa na gauni la Idd.

Mjomba alilisikia jina la Feruzi. Akanyanyua viganja vyake, akajipangusa uso kwa unyenyekevu.

"Amin," alisema. "Ahsanta, mwanangu. Dua nzuri. Nani kakusomesha?"

"Bibi," nilimwambia.

Sikukosea hata irabu moja.